Jeneza Jepesi

Kaltum alipomwona mchoraji wake amejibanza tena nyuma ya marobota ya leso, alijua tu kuna mtu wa kisiwa cha Rusinga barazani.

Kusema kweli, alikuwa amemchoka. Baraza la duka lake la nguo, hapo mjini Migori, alimpa Wangwe bure atundike picha zake. Watu wanataka twiga. Wanataka Yesu na kondoo. Yeye anachora nini? Kilio. Miaka nenda, miaka rudi, mazishi yale yale: mama mzee ameshika kichwa, wanaume wawili wamebeba jeneza.

"Mwanamume mzima abebwe na wawili?" Kaltum aliwahi kumuuliza.

"Willis alikuwa mwepesi siku hiyo, dada."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nje ya ua. Nilichelewa." Akachovya brashi. "Mama yule alilia nikimwona, nisimfute hata tone. Ndiyo maana nachora machozi. Ningechora nini kingine?"

Kaltum akaamini kwamba Wangwe na huyo Willis walikosana, tena vibaya. Moyo wa mtu kichaka, hakuchimba zaidi.

Leo aliyesimama barazani ni Trizah, muuza dagaa wa omena, beseni kichwani, macho kwenye picha.

"Huyu si mama Phelesia wa kwetu? Nani amemchora hivi?" Akajipangusa uso kwa ncha ya leso. "Maskini, amelala hoi. Kutwa kucha anamwita Willis tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Trizah alipokwenda zake, Wangwe alitoka mafichoni, akaketi sakafuni na kulia kwa kwikwi. Roho ilimuuma Kaltum. Kuchoka kote kulimtoka.

"Nenda ukamwone angali hai," akamwambia. "Nauli nitakupa. Mpigie magoti, kisha ukalie pale kaburini kwa Willis, yaishe."

"Siwezi kuvuka lango lile. Naogopa kumletea mama mkosi."

"Mkosi gani? Marehemu ameshakusamehe."

Wangwe akatikisa kichwa.

"Mle kaburini hamna mtu, dada. Ziwa liliponimeza nisionekane, walizika tunda la mti wa yago badala ya maiti, kwa jina langu, Willis. Na kwetu, aliyezikwa harudi kwa mama yake, hata akiwa hai."