Anayesimama Dirishani

"Mfunge vizuri," mke alimwambia nesi. "Asije akasema mashine imemwonea."

Mumewe, dobi mstaafu, alikuwa amelala kwenye kitanda cha zahanati, suruali imekunjwa hadi magotini. Mke alisimama mlangoni, pochi kifuani, kama askari aliyemleta mtuhumiwa.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Kila asubuhi walikwenda sokoni, mume mbele na kikapu, mke nyuma. Na kila asubuhi mume alisimama kwenye dirisha la fundi cherehani, mjane mwenye sauti ya asali, akakikodolea macho kioo. Mke alipombana, alijibu neno moja tu: "Miguu."

"Miguu gani inayochagua dirisha?" mke alimlalamikia nesi. "Mwanangu, nimegeuka mpelelezi uzeeni. Namvizia nyuma ya nguzo hii, mara nyuma ya ile, nimezikumbatia kama mlevi. Nikisema sasa nimfikie nimfumanie, huyo, kaondoka."

Nesi aliuma mdomo asicheke. "Upo ugonjwa wa hivyo, mama. Mishipa ya miguu ikiziba, damu haifiki vizuri. Mtu akitembea mguu unamkaba, akipumzika unamwachia."

"Basi pima. Ama ni mgonjwa, ama ni mwongo."

Nesi alipima presha mkononi, kisha akafunga mpira wa kipimo juu ya kifundo cha mguu, akatega chombo cha kusikilizia mishipa. Damu ikasikika, shwa, shwa, shwa, kulia na kushoto. Alirudia kupima. Miguu ya mzee ilikuwa mizima kuliko ya mcheza mpira.

"Haina kasoro," alisema, akimwangalia mzee kwa huruma.

Mke alikaa kwenye benchi. Ushindi ulimkaa vibaya usoni. "Nilijua," alisema taratibu. "Watoto wamekua, wajukuu wametuzunguka, leo ananiacha kwa ajili ya cherehani."

Mzee alikunjua suruali, akateremka, akakipigapiga kitanda kwa kiganja. "Panda wewe."

"Mimi?"

"Mwaka mzima namsihi aje kupimwa, ananijibu hana hata mafua," mzee alimwambia nesi. "Kwenye kile kioo namwona vizuri, kaishikilia nguzo anajisugua kigimbi. Mguu ukimwachia, ndipo naendelea."