Sekunde Arobaini za Texas

Theuri alichomoa spoki ya baiskeli kutoka tumboni mwa gitaa, akaishika kwa vidole viwili mbali na uso wake, kama mtu aliyeokota panya mfu kwenye unga.

"Hii nani aliweka?"

"Ni mzee wangu," alijibu Phyllis. "Mutahi mwenyewe. Spea hazikuwa."

Theuri alicheka peke yake. Gitaa lenyewe lilikuwa la kuheshimiwa. Lilitoka Marekani miaka ya sitini, lile liitwalo steel, la kulazwa juu ya miguu minne kama meza, nyuzi kumi juu na pedali za kukanyaga chini ili sauti ipande. Kila pedali huvuta nyuzi zake kwa vyuma vyembamba vya kiwandani. Marehemu Mutahi, dereva wa lori la maziwa huko Mweiga na mpigaji wa harusi na baa, alikuwa ameng'oa chuma kimoja akatia spoki. Ukikanyaga, spoki ilipinda kwanza ndipo ivute.

"Hii si gitaa tena, mama. Hii ni baiskeli."

Aliikunja spoki mara mbili, akaitupa kwenye karai la vyuma kuukuu. Phyllis aliifuata kwa macho tu. Fundi aliyeshika mali yako huwezi kubishana naye.

"Jumapili ni kumbukumbu yake, mwaka moja sasa," alisema. "Msichana wetu, Wachuka, ndio atapiga kanisani. Mimi nataka tu ilie vile ilikuwa inalia."

"Vile ilikuwa ndio shida. Ikitoka hapa itakuwa kama imetoka kiwandani jana."

Theuri hakumstahi mtu. Katika karakana yake hapo Ruring'u alivaa kofia ya kauboi hata akinywa chai, na wapigaji wote wa magitaa haya, kuanzia Othaya mpaka Karatina, aliwaita wakwaruza mabati. Hakuwa amewahi kupanda ndege, lakini ukimsikia akiitaja Texas ungedhani ana shamba huko.

Kiburi chote hicho kilitoka kwenye kaseti moja. Akiwa kidato cha pili alinasa wimbo redioni, akatoka mbio kwenda kuwaambia wenzake. Aliporudi alikuta mama yake amerekodi kwaya ya akina mama juu yake. Zilibaki sekunde arobaini za mwanzo, gitaa tupu, kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Katikati yake nyuzi mbili zinapanda, lakini moja inachelewa, nusu pumzi tu, kama mtu anayejizuia kulia.

Papo hapo Theuri aliamua kwamba mpigaji ni mtu wa Texas. Nani mwingine angeweza? Akamwita hivyo, Yule wa Texas, na kwa miaka zaidi ya thelathini akaitafuta sauti ile. Alibadilisha mkao wa mguu, akabadilisha kifundo cha mkono, akafufua magitaa manne yaliyokuwa yamekufa. Haikuja. Kuipata mara moja tu kabla hajafa, hilo ndilo alilolitaka duniani, na kulikosa kulimuuma kila siku. Kaseti yenyewe aliisikiliza akiwa amefunga mlango. Hakumsikilizisha mtu hata siku moja, kwa sababu hakuona sikio lililoistahili, si Nyeri, si Mweiga, si popote penye watu wanaokula viazi.

Ukweli usemwe, mikono alikuwa nayo. Alitengeneza chuma kipya kilichonyooka, akasafisha kila kiungo kwa petroli, akabadilisha nyuzi zote kumi, akang'arisha mbao mpaka akaiona kofia yake ndani. Alhamisi mnunuzi wa vyuma kuukuu akapita na mkokoteni wake, akamwaga karai zima humo, akaenda zake.

Jumamosi Phyllis alipofika, gitaa lilikuwa limesimama katikati ya karakana. Theuri alikuwa amelijaribu asubuhi akasisimka. Halikuwa na kasoro hata moja. Leo, alijiambia, leo itakuja. Na kwa mara ya kwanza akaamua kumpigia mtu zile sekunde arobaini, walau mjane huyu ajue tofauti kati ya mpigaji na dereva wa maziwa.

"Keti, mama. Leo usikie steel ikipigwa na mtu anajua. Hii ni ya Texas, hata usijaribu kuielewa."

Akavaa kucha za chuma vidoleni, akashika kipande cha chuma kwa mkono wa kushoto, akaanza. Sekunde ya kumi, ya ishirini, kila noti mahali pake. Akafika pale katikati, akakanyaga. Nyuzi mbili zikapanda pamoja, safi, kwa wakati mmoja. Theuri akauma meno, akaendelea mpaka sekunde ya arobaini, pale kwaya ya mama yake ilipoingilia. Akainua mikono kama alivyofanya maisha yake yote.

Wimbo haukukoma.

Phyllis alikuwa ameudaka hapo hapo ulipoachwa. Aliimba amefumba macho, sauti ya uzee lakini bila kubahatisha neno, kwa Kikuyu, habari za dereva wa maziwa anayepiga honi kila asubuhi penye njia panda ya Mweiga, na msichana anayejifanya hasikii. Msichana huyo, kwenye ubeti wa pili, aliitwa Phyllis.

Alipomaliza akafungua macho.

"Umepiga vizuri," alisema. "Lakini hapo katikati Mutahi alikuwa anachelewa kidogo."

Akainama, akachungulia chini ya gitaa.

"Ile spoki uliweka wapi, fundi?"