Fundo la Mwisho

Usiangalie pembeni kama ulivyofanya siku ya mazishi ya jumbe. Tazama barazani. Mbaruku amekaa kwenye kigoda, leo anatawazwa kuwa jumbe. Desturi ya mji huu ni moja: kilemba cha jumbe mpya hufungwa na mjane wa jumbe aliyekufa. Akishakaza fundo la mwisho, basi tena, hakuna wa kukivua.

Bi Mwanahawa, mjane huyo, alizungusha kitambaa kichwani mwa Mbaruku. Kikalowa jasho.

"Tulia, shemeji," alisema. "Kilemba ulikitaka mwenyewe, mbona kichwa kinacheza?"

Watu wakacheka. Mbaruku hakucheka. Miaka kumi na miwili alikuwa naibu, akimshikia marehemu mwavuli huku akiutamani mchana huu.

"Usifunge fundo," alinong'ona.

"Unasemaje?"

"Ule ubao wa daraja uliomwangusha mumeo nilijua umeoza." Sasa sauti yake ilifika hadi safu za nyuma. "Nilijua, na bado nikamwambia, Jumbe, tangulia wewe."

Mikono ya Bi Mwanahawa ilisimama. Ncha ya kitambaa ikabaki vidoleni mwake, naye akawatazama watu, mmoja mmoja, akingoja.

Mpiga ngoma akazidisha kasi. Wale waliokwisha kuahidiwa vyeo wakapiga makofi.

"Funga, mama, jua kali," wakasema.

Wewe umesikia kila neno, na bado unapiga makofi nao. Acha sasa hivi. Inuka, panda barazani, ukasimame na yule mama kabla hawajamlazimisha kufunga.