Beji Kwenye Msumari

Tangu Haji ahamishiwe kusafisha vyumba vya ndani vya mtambo wa nyuklia, beji yake ya kupima mionzi ilibaki nyumbani. Ndivyo alivyoagiza msimamizi wao, shemeji yake Sefu: beji ikisoma mionzi mingi, kazi itasimamishwa. Mwantumu, mke wa Haji, aliitundika kwenye msumari juu ya beseni analofulia ovaroli za mumewe.

Leo Sefu ameirudisha kutoka kupimwa. Amesimama barazani, hataki kuingia.

"Imekula mionzi mingi mno, dada. Haji aliivaa kazini?"

"Haikutoka kwenye msumari, kaka, mpaka ulipokuja kuichukua. Si wewe uliyeniapia kwamba nguo zake hazina neno?"

Sefu alichungulia ndani, akaliona beseni, akarudi nyuma hatua moja.

Hatua ile ilimtosha Mwantumu. Kumbe ndiyo maana kaka yake, waliyenyonya naye ziwa moja, mwaka mzima alikuwa akipokelea chakula cha Ijumaa pale pale barazani, kila mara ana haraka.

Nyuma yake, ndani ya beseni, mwanawe aliyapiga maji kwa viganja, akamchekea mjomba.