Idhini ya Mwenye Kitabu

Mwalimu Redio alikuwa amepiga magoti chini ya meza, akitafuta simu iliyomponyoka, aliposikia viatu vya mwalimu mkuu vikisimama mlangoni.

"Toka huko. Una mgeni ofisini kwangu. Ni yule aliyeandika kitabu."

Redio akatoka akijipangusa magoti. Wanafunzi walimbandika jina hilo kwa ajili ya sauti yake, na sasa sauti hiyohiyo ilikuwa imemponza. Shule ilikuwa na nakala moja tu ya riwaya ya mtihani, nayo imechakaa hadi mgongo. Basi akajifungia stoo ya vifaa vya michezo, akaisoma kwa sauti huku akijirekodi, akairusha kwenye kundi la darasa. Wanafunzi wakawarushia binamu zao, binamu wakawarushia majirani. Siku hizi hata kinyozi wa jirani alinyoa watu huku akiisikiliza.

"Nilikuonya," mwalimu mkuu alinong'ona wakiwa njiani. "Kuwasomea darasani ni kufundisha. Kusambaza ni kuchezea hakimiliki ya mtu. Mzigo huu utaubeba mwenyewe."

Mgeni alikuwa mama wa makamo, chai yake hajaigusa. Alibonyeza simu, na sauti ya Redio ikajaa ofisini, mara ikilia kama mjane wa kitabuni, mara ikikohoa kama baba mkwe wa mjane huyo.

"Ni wewe huyu?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Mtihani ulikuwa umetukaba koo."

"Na kuniomba kulikushinda nini? Ningekukubalia siku hiyohiyo."

"Nimekosa. Naifuta sasa hivi."

"Usifute kwanza. Sura ya mwisho nimeisikiliza mpaka nimeikariri. Huyo mjane anayerudi kuwafukuza mashemeji nyumbani kwake, umemtoa wapi? Kwangu mimi anakufa mtoni."

Mwalimu mkuu aligeuka taratibu, kama mlango unaohitaji mafuta.

Redio akainamisha kichwa. "Kurasa hizo panya walishazimaliza, mama. Watoto wakawa wananiuliza kila asubuhi, mjane amefikia wapi? Nikaona aibu. Nikamalizia kwa kichwa changu."

"Yaani darasa zima," mwalimu mkuu akapata pumzi, "linakwenda kwenye mtihani na mwisho wa kutunga?"

Yule mama alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyopigwa chapa na kalamu, akavisogeza mbele ya Redio. Kazi imekwenda, Redio aliwaza, na mahakamani nitakwenda.

"Toleo jipya linachapwa, na mimi nataka mjane wako aishi," mama akasema. "Nitilie saini hapo, tafadhali. Wakili wangu ananiambia nikiichapa sura yako bila idhini, utanishtaki."