Fuko Abadilisha Masharti ya Handaki

Zamani za mashamba yasiyo na uzio, Fuko alichimba handaki chini ya mihogo, akatangaza mlangoni: “Apitaye apite, na mwenye makucha aongeze.” Basi Panya Buku akaongeza vyumba, Nungunungu akalifikisha hadi mtoni. Sifa zote akapewa Fuko, naye akavimba kichwa.

Asubuhi moja akajikalisha mlangoni. “Kuanzia leo masharti yamebadilika. Kila apitaye alete muhogo.”

“Hata sisi tuliochimba nawe?” Buku akauliza.

“Kwani handaki ni la nani?”

Buku na Nungunungu wakatoboa mlango mwingine kwenye sehemu waliyoichimba wenyewe, na wanyama wote wakahamia huko. Fuko akangoja wiki nzima, asione hata unyayo.

Kisha mvua kubwa ikanyesha, maji yakafurika mlangoni kwake. Akakimbilia ule mlango mpya, amekumbatia muhogo wake wa mwisho, akijua kwamba atatozwa.

“Wa nini huo?” Buku akamuuliza. “Huku tunafuata masharti yako.”

Fuko akanywea. “Yapi?”

“Yale ya kwanza. Pita, mzee. Na ukipata nafasi, ongeza.”