Dipoziti ya Namuria

Tangu Jumapili Namuria hakuwa amefungua mfereji wake hata mara moja, na bado mita ilikuwa imesonga.

Alichuchumaa kando ya lango, akaipangusa vumbi kwa ncha ya leso, akasoma tena. Yuniti nne zaidi. Siku tano hizo alikuwa akioga na kupika kwa maji ya mtungi, ya kununua kwa watu wa bodaboda, ili bili ya mwisho isimlie dipoziti. Kumbe alikuwa akijisumbua bure. Alichoka mpaka hata hasira hakuwa nayo.

Mita zilikuwa mbili, bega kwa bega ndani ya kishimo kimoja cha simiti: yake na ya mwenye nyumba, mzee Ereng. Fundi wa mzee alizifunga zote asubuhi moja, miaka mitano iliyopita, Namuria alipohamia hapo Nakwamekwi, Lodwar, na cherehani yake. Siku hiyohiyo aliilipa ofisi ya maji dipoziti ya shilingi elfu tano, akaitunza risiti ndani ya Biblia kama cheti cha ndoa.

Leo alikuwa anaitaka pesa yake. Cherehani ilikuwa tayari juu ya pikapu ya kwenda Kakuma. Huko alikuwa amepata chumba cha duka, karibu na soko, chenye dirisha la mbele. Mwenye chumba, Adhel, alikuwa amepiga simu alfajiri.

"Mimi nangoja wewe mpaka jioni na ile elfu tatu. Usiku ikiingia, chumba napea mtu ingine. Usikasirike, dada yangu."

Masharti ya ofisi yalikuwa matatu: risiti halisi, barua ya mwenye nyumba, na mita ing'olewe na mtu wa ofisi. Bili ya mwisho ikishakatwa, kinachobaki kinatumwa kwa simu siku hiyohiyo. Risiti alikuwa nayo. Kwa barua, mzee Ereng alikuwa amemzungusha wiki mbili.

"Nitasaini nikiona mita imetoka, kwa macho yangu," mzee alisema kutoka barazani, mswaki wa kijiti mdomoni. "Wewe na maji, Namuria! Mtu mmoja, bili elfu moja mia tisa. Sisi watu saba na mbuzi, tunalipa mia tatu. Hii maji unakunywa na nani?"

"Sijui, mzee."

Hakujua kweli. Wimbo huo aliimbiwa kila mwisho wa mwezi. Aliwahi kumlipa fundi atafute bomba lililopasuka chini ya ardhi. Fundi alichimba kuanzia mlangoni mwake mpaka choo, asione hata unyevu. Krismasi moja alikwenda kwa mama yake huko Lorugum akakaa mwezi mzima, akarudi akakuta bili ileile. Majirani walimshauri aombewe. Aliombewa.

Upande wa pili wa ua, Mama Abei, mke wa mzee, alikuwa akimwagilia miche yake ya mwarobaini kwa mpira wa maji. Namuria alimpungia mkono bila kinyongo.

Saa nne Ekiru wa ofisi ya maji aliwasili kwa pikipiki, spana kiunoni.

"Ejok, mama," alisalimia kwa Kiturkana, akainama shimoni. "Hii inazunguka. Umeacha mfereji wazi?"

"Umefungwa tangu Jumapili."

"Basi iko mahali inavuja." Alipiga hesabu kwenye simu, kisha akakuna shingo. "Pole, mama. Na ile ya mwezi jana, bili yako ni elfu tatu mia nne. Utarudishiwa elfu moja mia sita."

Elfu moja mia sita. Chumba cha Kakuma kilikuwa kimekwenda. Namuria alitaka kulia, akaona hata kulia ni kazi.

"Ng'oa tu," alisema.

Mzee Ereng alisogea, kalamu mkononi, ashuhudie. Ekiru alilinganisha namba ya mita na ya risiti, tarakimu kwa tarakimu. Zilikuwa sawa. Akafunga valvu, akazungusha spana, na mita ikatoka ikidondosha matone mchangani. Mzee aliiweka barua juu ya paja, akasaini.

"Sasa maji itapumzika," alisema.

Namuria aliichukua barua, akaikunja, akaingia ndani kufuata sufuria yake ya mwisho.

"Baba Abei!" Sauti ya Mama Abei ilipaa kutoka kwenye miche yake. "Maji imeenda!"

"Ni mtaa mzima hiyo," mzee alimjibu. "Itarudi."

Jikoni, Namuria aliiweka sufuria chini ya mfereji. Alikuwa anajua mita imeng'olewa, lakini mkono una mazoea yake, akaufungua mfereji. Maji yakaruka kwa nguvu, yakagonga sufuria, yakamlowesha mpaka kiwiko.

Alisimama akiyatazama.

"Mzee," Ekiru alisema kule langoni, polepole, "mita yako ndiyo imeanza kuzunguka."

Sufuria ilijaa, ikafurika, maji yakatambaa sakafuni mpaka mlangoni. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano, Namuria hakuwa na haraka ya kuufunga mfereji.